Boya la aina gani?

Neno boya tulilipata kwa Wareno, nalo kwa mabaharia ni kitu kinachoelea kikiwa kimefungwa nanga, kuonyesha njia ya meli au mahali pa mitego. Siku hizi habari za tabianchi hukiita boya kila chombo kinachopima bahari, na hapo maana hupotea. Boya la mtandao wa RAMA katika Bahari ya Hindi, ulioanza kujengwa 2004, hukaa mahali pamoja, na chini yake huning'inia kebo ndefu yenye vipima joto kina baada ya kina. Chombo cha mradi wa Argo hakina nanga: huzama hadi mita 2,000, na kila baada ya siku 10 hivi huibuka kutuma vipimo kwa setilaiti.

Wapo watakaosema tofauti hiyo ni ya wataalamu tu. Sikubaliani nao. Joto la bahari hupimwa na meli pia, lakini maji yanayovutwa na injini zake husomeka yenye joto zaidi kuliko yale ya maboya, kwa takriban nyuzi 0.12 za Selsiasi. Maboya yalipozidi kuongezeka, joto la bahari lilionekana kupanda polepole kuliko ilivyokuwa kweli, hadi NOAA, shirika la bahari na angahewa la Marekani, iliporekebisha takwimu zake 2015. Kumbe aina ya chombo ni sehemu ya kipimo chenyewe! Basi tuseme boya la nanga, boya la mkondo kwa linaloelea huru, na boya la mbizi kwa Argo. Wahariri, msiliache neno boya peke yake.