Chuma cha Wahunzi wa Kilimanjaro

Wasikilizaji wetu, nanyi wanafunzi mtakaoyasoma maneno haya shuleni, leo twataka kuzungumza habari za chuma. Sisi tukaao Mkuu, katika Rombo, twashika chuma kila siku: jembe, panga, mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Hata bati lililo juu ya vichwa vyetu ni chuma. Lakini ni wachache waulizao chuma hiki hutoka wapi.

Zamani wahunzi wa mlima huu walikuwa hodari, na wale wa Mamba walisifiwa kwa mikuki yao. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa pia, maana watu waliamini kwamba nyundo yake yaweza kuleta laana. Walakini chuma chenyewe aghalabu hawakukiyeyusha. Walikipata kwa Wapare, hasa Ugweno, kwa watu wa ukoo wa Washana.

Washana walikusanya mchanga mweusi wenye chuma uliochukuliwa na vijito. Waliuosha, mchanga mwepesi ukaenda na maji na ule mzito ukasalia. Kisha waliutia tanuruni pamoja na makaa ya miti, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Mavi ya chuma yakajitenga, likabaki bonge la kufuliwa. Masimulizi ya Wapare, aliyoyakusanya mwanahistoria Isaria Kimambo, yasema kwamba Washana waliitawala Ugweno hata walipopinduliwa na Wasuya. Basi mwenye chuma alikuwa na nguvu.

Wala msidhani kwamba elimu hiyo ya tanuru ilikuwa duni. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza kwamba huko Buhaya watu walifanya chuma cha pua yapata miaka 2,000 iliyopita.

Je, elimu hii ilikufaje? Haikuuawa na vita. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Pwani ilileta nyaya nene za chuma ili kununua pembe za ndovu. Mhunzi akapata chuma kilicho tayari. Hakuwa tena na haja ya kungoja kile cha Upare. Baadaye meli zikaleta majembe yaliyokwisha kufuliwa Ulaya. Myeyushaji alikosa kazi kwanza. Mhunzi aliyeufurahia waya akafuata nyuma yake.

Jambo hili limejirudia kwa sura nyingine. Mwaka 1960 kiwanda cha mabati kilianzishwa Dar es Salaam, na katika miaka ya 1970 kiwanda cha nondo kikawako Tanga. Katika miaka ya 1980 kikajengwa kiwanda cha mashine huko Machame, jirani zetu, kwa msaada wa Bulgaria, nacho kikaja kukaa miaka mingi karibu bila kazi. Viwanda vya mabati na nondo vilitegemea sana chuma kilichoyeyushwa ng'ambo. Fedha za kigeni zilipoadimika, mashine zilikosa chakula.

Lakini chuma kimo nchini. Huko Liganga, wilaya ya Ludewa, kuna mlima wa mawe ya chuma, na Mchuchuma, katika wilaya hiyo hiyo, kuna makaa ya mawe. Mwaka 2011 Serikali ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Kichina, na miaka 10 ikapita bila tanuru kuwashwa. Sababu zake si uvivu. Mawe yale yana titani na vanadi ndani yake, kwa hiyo tanuru la kawaida halifai. Tena reli na bandari ziko mbali, na umeme wahitajika mwingi.

Basi, kufua pekee hakutoshi. Anayefua chuma cha mwenziwe hufua kwa bei ya mwenziwe, na siku mwenziwe akileta jembe lililo tayari, nyundo hunyamaza. Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nanyi wanafunzi, mkitembea Upare mkaokota jiwe jeusi, zito, lenye matundu, msilitupe. Yamkini ni mavi ya chuma. Lipelekeni kwa mwalimu, mkamwulize lilivyofanyika.