Bento: Kikasha cha Chakula cha Wajapani, na Adabu Zake

Mtu alaye nyumbani kwake humwona mpishi wake, akamshukuru kwa kinywa chake. Lakini alaye shambani, au shuleni, au njiani, mpishi wake yu mbali. Je, atamshukuruje? Jambo hili Wajapani wamelifikiri tangu zamani, na jibu lao wameliweka katika kikasha cha chakula kiitwacho bento. Leo nataka kuwasimulia asili ya kikasha hicho na adabu zake, kisha habari ya kikasha kimoja kilichorudi nyumbani kabla ya kuliwa.

Hapo kale sana, Mjapani aliyetaka kusafiri alipikiwa wali, kisha wali ule ukaanikwa hata ukakauka kabisa. Uliweza kukaa siku nyingi pasipo kuharibika. Msafiri au askari akiona njaa aliutafuna vivyo hivyo, au aliuloweka katika maji. Katika kitabu chao cha kale kiitwacho Ise Monogatari imo habari ya watu waliotoka katika mji mkuu kwenda nchi za mashariki. Walipofika mahali paitwapo Yatsuhashi waliketi kivulini kula wali wao mkavu. Mmoja akatunga shairi la kumkumbuka mkewe aliyemwacha mbali. Wote wakalia, na machozi yao yakaanguka juu ya wali hata ukalainika. Basi mwaona ya kuwa tangu siku zile chakula cha safari kilikuwa ukumbusho wa nyumbani.

Yapata mwisho wa karne ya 16 wakubwa walianza kutumia vikasha vizuri vya mti, vilivyopakwa utomvu unaokauka ukang'aa kama kioo. Kisha ikafuata zamani ya amani iitwayo Edo, tangu mwaka 1603 hata 1868. Watu walitoka na vikasha vyao kwenda kutazama maua ya miti ya sakura. Na waliokwenda kutazama michezo ya kuigiza walikula wakati pazia limefungwa, mpaka bento ya namna ile ikaitwa makunouchi, maana yake "kati ya mapazia". Reli zilipojengwa, chakula kikaingia stesheni. Husemwa ya kuwa bento ya kwanza ya abiria iliuzwa Utsunomiya mwaka 1885, nayo ilikuwa matonge mawili ya wali na figili ya chumvi, yamefungwa katika ganda la mwanzi.

Sasa tutazame adabu zake. Adabu ya kwanza si ya mlaji, bali ni ya mpishi. Wali huachwa upoe kabla ya kufunikwa, kwa kuwa mvuke ukifungiwa ndani hugeuka maji, na chakula huchacha. Vitoweo hukatwa vipande vya kutosha kinywa, kwa kuwa mlaji hana kisu. Mchuzi hautiwi, usije ukamwagika njiani. Katikati ya wali mara nyingi huwekwa tunda moja jekundu, kali, lililotiwa chumvi, liitwalo umeboshi. Nalo husaidia wali usiharibike upesi. Kisha rangi hupangwa: cheupe cha wali, kijani cha mboga, manjano ya yai. Kikasha chote hufungwa katika kitambaa cha mraba. Hivyo mpishi huamka mapema kumfikiria mtu atakayekula saa nyingi baadaye, naye hatakuwapo kumwona.

Mlaji naye ana wajibu wake. Hufungua fundo la kitambaa, akakitandika kitambaa chini ya kikasha. Kabla ya kula husema "itadakimasu", yaani "napokea kwa unyenyekevu". Neno hili humshukuru aliyepika na aliyelima, hata na samaki aliyetoa uhai wake. Akiinua mfuniko, wazee walimfundisha aanze na punje zilizonata juu ya mfuniko, ndipo aguse wali ulio ndani. Watoto waliambiwa ya kuwa aachaye punje ya wali macho yake yatapofuka. Ni kitisho cha watoto tu, lakini maana yake ni wazi: kila punje ni jasho la mkulima.

Vijiti vya kulia navyo vina sheria zake. Mtu asivisimamishe katika wali, maana ndivyo wanavyofanya katika wali wa kumwekea maiti. Asimpe mwenziwe kipande toka vijiti hata vijiti, kwa kuwa baada ya kuchoma maiti jamaa huokota mifupa kwa kupokezana namna hiyo. Tena asichimbechimbe chakula akitafuta kinono. Kikasha kidogo chaweza kuinuliwa kwa mkono. Kikubwa huachwa mezani. Miiba ya samaki na kokwa la umeboshi hukusanywa pembeni mwa kikasha. Akiisha kula hurudisha mfuniko, akasema "gochisosama", neno la kushukuru kwa karamu. Kisha hufunga kitambaa kama kilivyokuwa, akakirudisha kikasha nyumbani. Mama akikipokea husikia wepesi wake hata kabla ya kukifungua. Wepesi ule ndio shukrani.

Lakini kikasha kile kile kilileta huzuni pia. Shuleni kila mtoto hufungua chakula chake mbele ya wenziwe, na utajiri wa baba na umaskini wa baba huonekana pamoja. Wako waliokula huku wameficha wali wao kwa mfuniko, na wako waliokuja mikono mitupu. Kwa ajili ya hao, mwaka 1889, katika mji wa Tsuruoka, shule moja iliyokuwa katika hekalu la Budha ilianza kuwapa watoto maskini matonge ya wali na samaki wa chumvi. Desturi ile ilienea, na mwaka 1954 ikatungwa sheria ya chakula cha shuleni kwa nchi nzima.

Kati ya miaka hiyo ilikuja vita. Toka mwaka 1939, siku ya kwanza ya kila mwezi, wanafunzi walitakiwa kuleta wali mweupe wenye umeboshi moja katikati, mfano wa bendera ya nchi yao. Baadaye hata wali wenyewe ukawa adimu, ukachanganywa na shayiri na maharagwe ya soya.

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, katika mji wa Hiroshima, mvulana mmoja wa miaka 13 alitoka nyumbani na bento aliyopikiwa na mama yake: wali uliochanganywa na shayiri na soya, na viazi vilivyokatwa vyembamba vikakaangwa. Alikwenda pamoja na wanafunzi wenzake kubomoa nyumba, ili moto wa vita usienee mjini. Saa mbili na robo bomu la atomiki likalipuka juu ya mji. Mama alimtafuta mwanawe siku tatu. Alipoiona maiti yake, kikasha kilikuwa chini ya mwili wake. Chakula kilikuwa kimegeuka makaa meusi, nacho kilikuwa hakijaliwa. Kikasha hicho kimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Hiroshima, na watu wa mataifa yote huja kukitazama.

Wasikilizaji wangu, mtu asiyezijua desturi za Wajapani akitazama pale huona chombo kilichoungua tu. Lakini ninyi sasa mwajua kwa nini mama yule alikitunza. Mama hupeleka chakula ili arudishiwe kikasha kitupu, kichukuliwe na mkono wa mwanawe. Siku ile kikasha kilirudi kizito, tena mama alikichukua mwenyewe.

Basi mkifungiwa chakula cha shambani au cha shuleni, kuleni pasipo kukibeua, wala msitupe kilichobaki. Na jioni mrudishe chombo kwa mkono wenu kwa yule aliyewapikia.