Kidaka na Kabati la Vioo

Waswahili husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wageni wengi waujiao Mji wa Kale wa Mombasa husimama njiani wakastaajabia milango ya nakshi na roshani za mbao, kisha wakaenda zao. Lakini historia ya nyumba haikai mlangoni peke yake. Sehemu yake kubwa imo ndani, mahali pawekwapo vyombo ili vionekane. Leo mahali hapo ni kabati la vioo. Zamani palikuwa ni kidaka. Na tuifuate safari ya vyombo hivyo kutoka ukutani mpaka kabatini, tupate kujua vilikuwa na maana gani kwa wenyewe.

Kidaka ni kishubaka kilichojengwa katika unene wa ukuta, chenye umbo la mraba au chenye tao juu yake. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa zile za karne ya 18, vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine, na kila mtu alipozidi kuingia ndivyo alivyozidi kuikaribia siri ya nyumba. Mwisho wake palikuwa na chumba kiitwacho ndani, na ukuta wa chumba hicho aghalabu ulijaa vidaka safu juu ya safu, kama sega la nyuki. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapakwa chokaa nyeupe na kutiwa nakshi. Madirisha yalikuwa machache, kwa hiyo mwanga ulikuwa hafifu. Ilipowashwa taa, bakuli la samawati juu ya weupe wa chokaa lilimetameta, na chumba kidogo kikaonekana kikubwa.

Mwanafunzi aweza kuuliza: mbona vyombo hivyo havikuwekwa jikoni? Jibu lake ni moshi. Jiko la kuni lilijengwa juu darini au nje uani, ili masizi na joto visiwasumbue watu wa nyumba. Huko ndiko kulikokuwa na vyungu vya udongo, vikaango, miiko na mbuzi ya kukunia nazi. Basi nyumba moja ilikuwa na vyombo vya namna mbili: vya kazi, vilivyozoea moto, na vya heshima, vilivyokaa mbali nao.

Vyombo vya heshima vilitoka mbali. Ukisimama Mama Ngina chini ya mibuyu na kuitazama bahari, utaona meli kubwa zikipita karibu sana kuingia Kilindini, na nyingine zimebeba bidhaa za China. Jambo hilo si geni. Karne nyingi kabla ya gati za Kilindini, majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, yakatia nanga upande wa pili wa kisiwa, mbele ya Mji wa Kale. Yalileta kauri za China zilizopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, Uajemi na Arabuni. Hata maneno yetu yashuhudia safari hiyo. Sinia ni neno la asili ya Kiarabu, na limetokana na jina la nchi ya China katika lugha ile. Bilauri nalo limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kioo safi. Mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira Ngome ya Yesu, merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome hiyo. Wapiga mbizi walioichunguza kati ya miaka 1977 na 1980 walitoa vitu vingi chini ya bahari, na kauri za China zilikuwa miongoni mwavyo.

Kidaka kilichojaa kauri kilimwambia mgeni kwamba mwenye nyumba ni mtu wa nasaba, mwenye jamaa na biashara ng'ambo. Tena wako walioamini kwamba chombo king'aacho hulipokea jicho la hasidi, kikapasuka badala ya mtu kudhurika. Lakini si haki kuusifu uzuri huo na kunyamaza juu ya gharama yake. Sehemu ya utajiri ule ilitokana na jasho la watumwa, na waliozipangusa sahani hizo mara nyingi hawakuwa wenye kuzimiliki. Wala fahari yenyewe haikudumu. Mtunzi wa Al-Inkishafi, akiyatazama majumba ya Pate yaliyoachwa, aliyataja madaka ya sahani yaliyobaki bila sahani.

Katika karne ya 19 vyombo vya viwanda vya Ulaya, kama vile mabakuli ya maua kutoka Maastricht katika Uholanzi, vilifika pwani kwa wingi na kwa bei nafuu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilizidi kuukuza mji na kuleta watu wapya. Seremala akashika kazi ya mwashi: akatengeneza kabati la mbao lenye milango ya vioo, bawaba na kitasa. Kabati lilikuwa na faida mbili juu ya kidaka. Lilizuia vumbi, tena lilichukulika. Mpangaji ahamapo hawezi kuubeba ukuta, lakini kabati huenda naye.

Kuni zilipoanza kuacha nafasi kwa mafuta ya taa, gesi na umeme, moshi ulipungua, na kabati la vioo likaweza kuingia hata jikoni. Hapo vyombo vya kazi na vya heshima vilikutana mara ya kwanza. Atakaye kulipanga vizuri na ajifunze kwa kidaka: mgongo wa kabati uwe mweupe, kila chombo kipate nafasi yake, vizito vikae chini, vya kila siku viwe mkono unapofika, na vya thamani viwekwe juu. Kabati lililosongamana halionyeshi kitu.

Katika jumba la makumbusho la Ngome ya Yesu kila chombo kilicho nyuma ya kioo kina maandishi yanayoeleza asili yake. Kabati la nyumbani halina maandishi. Maelezo yake yamo kichwani mwa bibi. Yeye ndiye ajuaye sahani ipi ilikuja na harusi, na ipi iliungwa baada ya kuvunjika. Bibi akiondoka kabla ya kuulizwa, sahani hubaki sahani tu, na huuzwa kwa mpita njia wa kwanza atoaye bei. Basi, kijana, chukua daftari na kalamu, umkalie karibu bibi yako na kuuliza chombo kimoja kimoja. Kioo huzuia vumbi. Hakiwezi kuzuia usahaulifu.