Maji ya Ziwa yalifika Shinyanga, majitaka je?

Wadau, leo tuongelee jambo lisilo na harufu nzuri.

Mei 30, 2009, Rais Jakaya Kikwete alizindua mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Shinyanga na Kahama. Ulitumia zaidi ya shilingi bilioni 250. Maji yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa hukohuko, ndipo yanaingia bombani. Mtambo ulijengwa kwa uwezo wa lita milioni 80 kwa siku. Kwa mkoa ambao watu walizoea kufukua mchanga wa mto mkavu wapate ndoo moja, ile ilikuwa sikukuu kabisa.

Kelele za wakati ule zilikuwa Misri, Misri, Misri. Mwaka 1929 Waingereza, kwa niaba ya makoloni yao, walikubaliana na Misri kwamba isifanyike kazi yoyote ya kuipunguzia maji ya Nile bila ridhaa yake. Tanganyika huru ilikataa kufungwa na mkataba huo mwaka 1962. Sawa, heshima ya nchi ni kitu kikubwa. Lakini mimi naona tulibishana sana juu ya mahali maji yanakotoka, tukasahau kuuliza yanakwenda wapi yakishatumika.

Hayarudi ziwani! Mji wa Shinyanga uko Bonde la Kati. Mito ya huko inaelekea Manonga, inaingia Wembere, Ziwa Kitangiri, na mwisho Ziwa Eyasi. Hakuna njia ya kutokea baharini. Maji yanakaushwa na jua, na uchafu ulioletwa nayo unabaki humohumo.

Sasa basi, wakati wa uzinduzi ule Mwanza na Tabora tayari zilikuwa na mabomba ya majitaka. Shinyanga ilitegemea vyoo vya shimo, makaro na magari ya kunyonya. Wahandisi hukadiria kuwa karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa machafu. Piga hesabu mwenyewe. Bomba kubwa la kuingiza lilijengwa, la kutoa halikufuatana nalo.

Na kuyasafisha si uchawi. Unachimba mabwawa ya kufuatana. La kwanza lina kina kirefu, tope linatuama na kuozeshwa na bakteria wasiotaka hewa. La pili lina mwani unaotoa oksijeni, bakteria wengine wanamalizia kazi. La mwisho lina kina kifupi, jua linaua vijidudu. Jua Shinyanga si tunalo la kugawa bure? Kinachokula fedha ni mabomba ya kufikia kila nyumba.

Novemba 7, 2022, bonde hilohilo likapata majitaka ya aina nyingine. Kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, zilipasuka. Tope likafunika mashamba na kuingia kwenye makazi ya watu. Almasi hutenganishwa na mwamba kwa maji na uzito, haihitaji sianidi kama dhahabu ya Geita. Hata hivyo shamba lililofunikwa na tope halilimiki. Mgodi ulisimama, ukarejea kazini mwaka 2023 ukiwa na bwawa jipya.