Kutoka manamba hadi gati: kazi ya Mbamba Bay ni ya nani?

Enzi za Mwingereza, kijana wa mwambao wa Ziwa Nyasa aliyetaka fedha ya kodi ya kichwa, shati na mahari hakuitafuta nyumbani. Alipanda milima ya Umatengo kwa miguu hadi Songea, akaandikishwa, akapewa namba, akasafirishwa mpaka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kwa sababu ya ile namba, watu wa aina yake wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilifika mpaka ziwani, ikawa moja ya visima vyao vikubwa. Waliokwenda mbali zaidi walichukuliwa na Wenela, shirika la kuandikisha wachimba migodi, kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini.

Hiyo ndiyo historia ya ajira katika kona hii ya nchi. Kazi ilikuwa kwa watu wengine, na mwambao ulitoa mikono. Wamatengo wa Mbinga angalau walipata sababu ya kubaki: kuanzia miaka ya 1920 walipanda kahawa, na ngoro zao, yale mashimo yanayozuia udongo wa milimani usisombwe na mvua, ziliendelea kuwapa chakula. Huku chini ziwani kulikuwa na muhogo, mpunga kidogo na samaki. Usipa na mbasa hawakukosekana. Soko ndilo lililokosekana, maana barabara ilikuwa ya kubahatisha.

Leo mambo yamegeuka. Fedha ndiyo inayoshuka kwenda ziwani. Lami imefika na Serikali imesaini mkataba wa kujenga gati jipya Mbamba Bay. Majukwaani neno linalotajwa kuliko yote ni lile lile: ajira. Ajira za nani, na za muda gani? Swali hili si geni kusini. Limeshaulizwa mara moja, na jibu lake liligharimu fedha nyingi.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa kutumia matrekta, ili Waingereza waliokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita wapate ahueni. Mahali palipochaguliwa ni patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu, na fedha ilitoka kwa mlipakodi wa Uingereza. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari mpya kabisa Mtwara, pamoja na reli ya kuelekea bara. Wanaume wa kusini walipata kazi. Walifyeka, walibeba mataruma, walichanganya zege. Mji ukachipuka mahali palipokuwa na vijiji vya wavuvi.

Januari 1951 London ikatangaza kwamba mradi umekufa. Zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimeteketea na karanga zenyewe hazikuonekana. Bandari ya Mtwara ilibaki, ikakamilika mwaka 1954, na kwa miongo mingi ikawa inasubiri korosho za msimu. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu haikuwa na mzigo wa kuilipia gharama zake. Waliojenga reli walirudi kwenye jembe, na wengine wakarudi kwenye mkonge.

Natumia muda kwenye karanga kwa makusudi. Gati linalojengwa Mbamba Bay na ile bandari ya Mtwara ni ncha mbili za wazo moja, ambalo sasa linaitwa Ushoroba wa Mtwara. Mwaka 2004 Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilikubaliana kuuendeleza. Mpango mkubwa ndani yake ni reli ya kilomita zipatazo 1,000 kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Hiyo ndiyo reli ya karanga iliyorefushwa, ila safari hii mzigo wake unajulikana uko wapi ardhini.

Kilichokuja kwanza ni barabara. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kililipiwa na walipakodi wa Marekani kupitia mpango wa Milenia uliosainiwa mwaka 2008. Kisha zikafuata kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na fedha ya Serikali. Mkopo, kumbuka, ni kodi ya kesho. Aliyewahi kuteremka mlima ule masika, gari likiteleza kwenye tope huku ziwa likionekana kwa chini kama bati jipya, hahitaji kuelezwa faida ya lami.

Kazi za barabarani zilikuwaje? Aliyewahi kuishi jirani na kambi ya mkandarasi anajua. Kijana wa kijijini anashika bendera, anapanga mawe ya mitaro, anachimba, anakuwa saidia fundi au mlinzi wa usiku. Mama lishe anauza wali na maharage getini. Anayeendesha greda, anayepima udongo maabara na anayeshika vitabu vya hesabu wamekuja na kampuni au wametoka mikoa mingine. Lami ya mwisho ikishamwagwa, kambi inafungwa na kibarua anarudi nyumbani na pikipiki ikiwa aliweka akiba, au bila kitu kama hakuweka. Sisemi hiyo ni dhuluma. Ndivyo kazi ya ujenzi ilivyo dunia nzima: ina mwisho. Anayeihesabu kama ajira ya mji anahesabu wageni wa harusi kama wenyeji.

Faida ya kudumu ilipita mlango mwingine. Mchuuzi wa dagaa sasa anapakia gunia asubuhi na kulishusha Mbinga au Songea siku hiyo hiyo. Bodaboda zimeongezeka, na nyumba za wageni pia. Kazi hizi hazina mkataba wala mshahara wa mwezi, lakini wenyewe ni wakazi.

Sasa ni zamu ya bandari. Desemba 2023 Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ilisaini mkataba na kampuni ya Kichina, Xiamen Ongoing Construction Group, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 75. Septemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru mkoa wa Ruvuma, Mbamba Bay ilikuwa kwenye ratiba yake.

Sheria zetu zinasema nini juu ya nani anufaike? Zinasema mengi, ila kuna pengo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Chini ya kanuni za sheria hiyo, kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ni za wakandarasi wazawa. Gati la Mbamba Bay limepita kiwango hicho, na hata mkataba wake ulisainiwa kabla sheria hiyo haijaanza kutumika. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, lakini asilimia 10 ya mapato ya wilaya changa kama Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, si fedha ya kununua boti nyingi.

Ukizisoma vizuri utaona sheria hizi zinamtambua Mtanzania. Zinatambua umri wake, jinsia yake na ulemavu wake. Hazimtambui mkazi wa kata ambako mradi unajengwa. Kijana wa Dar es Salaam na kijana wa Kilosa ya Mbamba Bay wanasimama sawa mbele ya mkandarasi, na yule mwenye cheti cha kuendesha kreni ndiye anayepita.

Mji wa Boston, Marekani, ulilikabili jambo hili mwaka 1979. Uliweka sharti kwamba katika ujenzi unaogharimiwa na mji, nusu ya saa za kazi ziende kwa wakazi wake. Wakandarasi walipinga mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, wakashindwa mwaka 1983. Neno la msingi pale ni saa. Hawakuhesabu vichwa, maana unaweza kuajiri vichwa mia kwa siku mbili ukajaza ripoti. Walihesabu saa.

Mtu anaweza kusema: je, kama Tanga ingemfukuza Mnyasa kwa kuwa si mkazi? Ni hoja yenye uzito, na mimi sitetei ukuta. Mwambao huu uliishi kwa fedha ya mashamba ya watu. Lakini sehemu ya saa, na mafunzo ya ufundi yanayoanza kabla ya mkandarasi kushusha mitambo, havimfukuzi mtu.

Kisha kuna swali la mzigo, lile lile lililoua reli ya karanga. Meli mbili za mizigo, Mv Njombe na Mv Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, zilijengwa Kyela na kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine. Nkhata Bay ya Malawi inatazamana na Mbamba Bay. Saruji, mahindi na makaa ya mawe vinaweza kuvuka. Makaa yapo Ntunduwaro, wilayani Mbinga, katika mgodi wa Ngaka. Hata hivyo, yale yanayouzwa nje yamekuwa yakipakiwa kwenye malori na kwenda mashariki, mamia ya kilomita, hadi Mtwara. Kahawa ya Umatengo nayo ina kiwanda cha kukoboa Mbinga mjini, na kwa maoni yangu vibarua wa kiwanda kile, msimu baada ya msimu, ni ajira ya kweli zaidi kuliko zege lolote.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wa Nyasa ni dogo. Ombeni kwa mkandarasi na kwa Mamlaka ya Bandari orodha ya malipo ya vibarua tangu siku ya kwanza: kata anayotoka kila mmoja, kazi aliyofanya na saa alizolipwa. Jumlisheni kwa kata, kisha bandikeni hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kila mtu aisome.