Mng'atuko, si Nusu-Ustaafu

Wapo wafasiri wanaoandika "nusu-ustaafu" kwa maana ya mtu kuacha ajira ya kudumu angali na nguvu zake, akaishi kwa gawio la hisa, riba ya hatifungani na kibarua cha saa chache. Waliolipitisha neno hilo mezani hawakujiuliza: nusu ya nini? Katika utumishi wa umma Tanzania, kustaafu kuna umri wake, 55 kwa hiari na 60 kwa lazima, na kuna mafao yake. Mwenye miaka 42 anayeishi kwa mtaji wake hajafika hata robo ya huko. Wengine, kwa kufuata jina la mzaha la Kimarekani, wameandika "ustaafu wa muuza kahawa". Jina hilo lina maana Marekani, ambako bima ya afya ya wazee, Medicare, kwa kawaida huanza miaka 65, na kampuni ya mikahawa ya Starbucks imekuwa ikiwapa bima hata wafanyakazi wa saa chache tangu 1988. Muuza kahawa wetu anayebeba dele mtaani hana bima ya mwajiri. Tafsiri hiyo imebeba jina na kuacha maana.

Neno tunalo: kung'atuka. Limetoka Kizanaki, lugha ya Mwalimu Nyerere, naye ndiye aliyelieneza. Sikio la Kiswahili hulipokea kwa urahisi, kwa kuwa linasikika kama kinyume cha kung'ata, jinsi kuzibuka kulivyo kinyume cha kuziba: meno yaliyoshika yameachia yenyewe. Humo mna hiari, na hiari ndiyo kiini cha dhana hii. Tena historia inalithibitisha. Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, lakini akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Aliacha kiti kikuu, hakuacha kazi. Kwa jina la dhana napendekeza mng'atuko, kwa kanuni ileile iliyotupa mlipuko na mfumuko.

Watapinga kwamba neno hili ni la viongozi. Basi na watazame kustaafu kwenyewe. Asili yake ni Kiarabu, istaafa, kuomba kuondolewa jukumu, mzizi mmoja na afu, yaani msamaha. Katika Kiarabu lina pia maana ya kujiuzulu, na kwa kustaafu Waarabu wana neno jingine kabisa. Ikiwa Kiswahili kiliweza kulihamisha neno la kujiuzulu hadi kwenye pensheni, hakishindwi kulitoa kung'atuka Ikulu na kulipeleka ofisini. Watasema pia kwamba halitaji uwekezaji. Hata nusu-ustaafu haliutaji. Lakini hiari isiyo na mtaji haipo. Kwa kanuni ya kutumia asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, aliyoieleza mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994, anayetumia dola 40,000 kwa mwaka anahitaji akiba ya dola 1,000,000. Kibarua kikimlipa 20,000, dola 500,000 zinamtosha. Asiye na akiba hiyo amepunguziwa saa za kazi tu, hajang'atuka.

Matumizi ni mepesi: "ameng'atuka akiwa na miaka 45", "mfuko wa mng'atuko". Waliopitisha nusu-ustaafu walichagua kuhesabu vipande vya neno la kigeni. Kazi ya istilahi ni kutaja tendo, na tendo hili lilikwisha kutajwa kwa Kiswahili mbele ya taifa zima.