Maji Yasiyobisha Hodi: Kigali na Mafuriko ya Majumbani

Mwanafunzi wetu mmoja alipotakiwa kuandika insha juu ya mvua za masika, hakuandika neno hata moja kuhusu mahindi yaliyostawi wala ndege waliofurahi. Aliandika kwamba saa nane za usiku mama yake aliwapandisha watoto wote juu ya meza, naye akabaki chini akifua maji kwa sufuria hadi kulipopambazuka. Sisi tuliozoea insha zinazoisifu mvua tuliisoma ile mara mbili, kisha tukaona haya kwa yale tuliyokuwa tukiyafundisha. Insha ile ndiyo iliyotusukuma kuandika maneno haya. Historia ya mji wa Kigali yaweza kuelezwa kwa kuyafuata maji yanavyoteremka, na pengine ikaeleweka vizuri zaidi kuliko kwa kuifuata orodha ya watawala wake.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyewekwa kuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani nchini Rwanda. Huyu ndiye aliyekuwa ameitafuta asili ya mto Nile, na mwaka 1898 akafika kwenye chemchemi za mto Rukarara. Kwa hiyo mtu aliyeutia msingi mji wetu alikuwa mjuzi wa njia za maji, na makao yake aliyajenga juu, kwenye mlima wa Nyarugenge. Chini kabisa, katika bonde la Nyabugogo, hakujenga mtu. Mto huo hutoka ziwa Muhazi, ukamiminika Nyabarongo. Maji yake huendelea hadi Akagera na ziwa Viktoria, na hatimaye Misri.

Desturi ya wenyeji nayo ilikuwa hiyo hiyo. Mnyarwanda wa zamani alijenga boma lake mlimani, na bonde lenye kinamasi akaliachia ng'ombe na mazao ya kiangazi. Hapana shaka hakuhitaji mhandisi wa kumwambia kwa nini. Hata wafanyabiashara, askari na mafundi waliokuja na lugha yetu ya Kiswahili, wakakaa Biryogo na baadaye Nyamirambo, walikaa kwenye mteremko wala si bondeni. Wazee wa mitaa hiyo tuliozungumza nao hawakumbuki kuwasikia baba zao wakilia kwa ajili ya maji kuingia ndani. Walilia kwa ajili ya mabati kung'olewa na upepo, na kwa ajili ya radi, ambayo katika nchi hii yaua watu kila mwaka.

Basi shida ilianzia wapi? Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai, 1962, Kigali ikafanywa mji mkuu, ingawa wakazi wake walikuwa kama 6,000 tu. Mwaka 1978 walikuwa wamepita laki moja. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu wengi walirejea kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, na wengine wakaja kutoka vijijini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.7. Mgongo wa mlima haukuongezeka. Mwenye fedha alijenga juu. Asiye nazo aliteremka hatua kwa hatua, akajenga kwa tofali mbichi ukingoni mwa korongo, na mwisho akafika kwenye kinamasi chenyewe.

Hapa twamwomba msomaji afanye hesabu ndogo pamoja nasi, hesabu ambayo hata mwalimu wa lugha aiweza. Paa la mita mraba 50 likinyeshewa milimita 40 kwa tufani moja ya alasiri hutoa lita 2,000 za maji, yaani ndoo 100 za lita 20. Mapaa mia yakiteremshia maji korongo moja, hizo ni lita laki mbili, bila kuhesabu maji ya barabarani na ya nyua zilizosakafiwa. Zamani maji hayo yalinywewa na migomba na majani. Sasa hayana pa kunywewa, nayo huja mbio. Nyumba ya chini huingiwa na maji ya mlizamu wa jirani wa juu, wala si ya mvua yake yenyewe. Mzee mmoja wa Biryogo alituambia, "Mwalimu, mwizi huchungulia kwanza. Maji hayabishi hodi."

Tumejionea wenyewe jinsi watu wanavyojikinga, maana tulipofika mjini tulipanga chumba bondeni kwa kuwa kodi yake ilikuwa nafuu. Akina mama wa uani ndio waliotufunza. Wingu likiwa jeusi, vyeti na vitabu hutiwa mfukoni na kutundikwa kwenye boriti. Magodoro hukunjwa juu ya meza. Mlangoni huwekwa kizingiti cha saruji kinachofika goti, ambacho wageni hujikwaa juu yake mwaka mzima. Nyuma ya nyumba huchimbwa mtaro, na udongo wake hupangwa kwa mifuko upande wa juu. Ukuta wa tofali mbichi hutazamwa kila asubuhi, kwa sababu hauanguki mvua inaponyesha tu. Aghalabu huanguka siku ya pili, jua likiwaka, watu wamekwisha kurudi ndani kulala. Jirani yetu aliponea chupuchupu kwa namna hiyo. Ama neno hilo la "kufua maji", mabaharia wa pwani hulitumia kwa chombo kinachovuja. Hatukutazamia kulikuta likitumika chumbani, mbali na bahari namna hii.

Mji nao umejitahidi. Korongo la Mpazi, literemkalo kati ya mitaa ya Gitega na Kimisagara hadi Nyabugogo, limejengewa kuta, na kandokando yake yamejengwa majumba ya ghorofa kwa ajili ya waliokuwa wakikaa katika vibanda. Desemba 2019 nyumba nyingi za vinamasini zilibomolewa, na mvua ya Krismasi ya mwaka huo ikaua watu na kubomoa nyingine. Mwaka 2022 kinamasi cha Nyandungu kilifunguliwa kuwa bustani ya umma. Twakubali kwamba kinamasi si mahali pa kulala mtoto. Lakini tuliwasikia waliohamishwa wakilalamika juu ya fidia, na juu ya umbali wa makao mapya na soko walilokuwa wakilitegemea, na hatuwezi kuwalaumu. Jambo linalotusumbua zaidi ni hili: aliye chini huamriwa ahame, na aliye juu mara chache huulizwa mlizamu wake unamwaga wapi.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mwanafunzi. Jirani wa juu, baada ya maneno mengi, alikuwa amekubali kuweka pipa kubwa chini ya paa lake, na mama alikuwa akiteka humo maji ya kufulia. Ukutani, karibu na mlango, tulionyeshwa mistari mitatu ya makaa iliyochorwa na watoto, kila mmoja na tarehe yake. Wa juu kabisa ulifika usawa wa meza.